Sanduku la Kukalia

Ndugu wananchi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: kwa mamlaka niliyokabidhiwa na mama yangu mzazi, natangaza rasmi kuzinduliwa kwa Mpango wa Kwanza wa Maendeleo ya Korido. Korido inayohusika inaanzia mlango wa mbele na kuishia mlango wa uani, katika nyumba yetu ya Chang'ombe, hapa Dodoma. Mpango unakusudia kuipatia korido hiyo rangi, kapeti, mapambo na samani zinazolingana na enzi hii mpya ya ruksa, ambapo duka lililokuwa likiuza chumvi na viberiti, tena kwa foleni, sasa linauza maua yasiyonyauka kutoka Dubai.

Sababu ya mpango huo ni kwamba baba yangu alikuwa anakufa humo.

Sikusema nyumbani. Nimesema humo, koridoni. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na akilala chali maji yalimpanda kifuani akawa kama mtu anayezama. Kwa hiyo hakulala. Alikaa kwenye kiti chenye mikono, na chumbani kulikuwa na joto, na mahali pekee penye upepo ni pale katikati ya milango miwili ikiachwa wazi. Upepo wa Dodoma mwezi wa tisa unakuja na nusu ya uwanja wa jirani, lakini ni upepo. Baba alipumua hewa na vumbi na akashukuru.

Alikuwa stesheni masta, Mzee Batholomeo, Gulwe kwa miaka mingi na kwingineko kwenye reli ya kati. Mtu aliyezoea kukodolea macho njia ndefu nyembamba akisubiri kitu kije, hawezi kuchukizwa na korido.

Mimi nilikuwepo nyumbani wakati wenzangu wa bweni wakiwa darasani. Hii ilitokana na tofauti ndogo ya kimtazamo kati yangu na mkuu wa shule, kuhusu sidiria ya matroni na mlingoti wa bendera. Suala hilo liko mbele ya bodi, hivyo sitalizungumzia.

Mpango ulikuwa wa mama. Jina lake Yasinta, anashona sare za shule, na ana tabia ya kusema mambo makubwa akiwa na pini mdomoni.

"Mtu anayechagua rangi ya ukuta," aliniambia jikoni, "anategemea kuiona ikikauka. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Ndiyo maana kila asubuhi alimpelekea baba jambo la kuamua.

"Baba Gerson, tupake krimu au kijani?"

"Krimu juu, kijani chini. Kama stesheni. Chini ndiko watoto wanakogusa na mikono michafu."

"Watoto gani? Tunaye mmoja tu."

"Huyohuyo."

Akaulizwa kuhusu kapeti, akataka la plastiki lenye vigae vya kuchora, kwa sababu linafutika. Akaulizwa kuhusu maua ya Dubai. Akasema yawekwe mbali na macho yake, ua lisilokufa humfanya mtu ajione mjinga. Mama akamletea kioo kutoka soko la Majengo, kirefu, chenye fremu ya dhahabu ya uongo. Baba akajitazama, akakigeuza.

"Kirudishe. Yule mtu nilimwona hospitali, simpendi."

Tulicheka, na yeye akacheka mpaka akakohoa. Siku hiyo alimaliza bakuli la uji. Kesho yake akamaliza na ndizi juu yake. Mama akaja jikoni akainamia sufuria, macho yamemlowa, akaninong'oneza: "Unaona? Unaona?" Niliona. Kuta zilipokuwa zinapata rangi, na baba alikuwa anapata rangi.

Mpinzani wa mpango alikuwa Shangazi Zipora, dada yake baba, aliyekuja kutoka Mpwapwa kumwuguza. Aliingia na "mbukwa" zake, salamu ya Kigogo, na mfuko wa mlenda mkavu, akasimama katikati ya korido, akanyoosha mikono yake miwili mpaka vidole vikagusa kuta.

"Wifi, usiijaze. Watu watapita."

"Watapita ubavuubavu, wifi," mama alisema.

"Wengine hawapiti ubavu."

Hakuna aliyemwuliza ni wengine gani. Baba alikuwa anasinzia kitini, au alijifanya. Toka hapo nilimweka shangazi kwenye orodha yangu. Alikuwa pia amenihutubia kuhusu matroni, mara nyingi, na kwa undani ambao hata mkuu wa shule hakuufikia.

Sasa nieleze sanduku.

Kule Gulwe, nje barazani mwa stesheni, palikuwa na sanduku refu la mbao, lenye mfuniko, ambamo stesheni masta huweka bendera na taa za ishara. Abiria wakilikalia hufukuzwa. Siku moja, kabla mimi sijafikiriwa, msichana mmoja aliachwa na treni akalikalia sanduku hilo akilia. Bendera ya kijani ilikuwa ndani. Treni ya mizigo ilikuwa inakuja. Stesheni masta kijana, badala ya kumwambia ainuke, akalivua shati lake la ndani akaipungia treni. Baba alikuwa akikisimulia kisa hiki kila Krismasi, na mama alikuwa akikikanusha kila Krismasi, hasa rangi ya shati.

Kwa hiyo mama akapanga jambo la kumshtukiza. Alinivuta uani.

"Nenda kwa fundi Masudi. Mwambie nataka sanduku la kukalia. Refu, mbao za mninga, lenye mfuniko. Ndani tutaweka viatu vya wageni, juu nitashona mto. Nitaliweka kando ya kiti chake, na mimi nipate pa kukaa. Sasa hivi nasimama kama askari. Na usimwambie baba yako. Nataka alione likiingia mlangoni."

"Kamati imesikia," nilisema.

"Gerson, la kukalia. Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia.

Karakana ya fundi Masudi iko mtaa wa pili kutoka kwetu. Mbele huweka vitanda na makochi yasiyo na mito. Nyuma, kwenye kivuli, yameegemea majeneza, yamegeuziwa ukuta kama wanafunzi walioadhibiwa. Watu wa mtaani hawapendi kuyataja kwa jina lake. Husema sanduku. "Wamekwenda kuchukua sanduku," na kila mtu anavua kofia.

Fundi alikuwa anapiga randa, redio inaimba juu ya benchi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Gerson. Mzee anaendeleaje?"

"Mama amenituma kwako. Anataka sanduku."

Maneno mawili yalikuwa bado mdomoni: la kukalia. Yalikuwa yanatoka. Lakini nikamwona fundi anasimamisha randa, anazima redio, anavua kofia yake ya kazi. Nikaelewa alichoelewa. Na nikayafungia yale maneno mawili mlango.

Sitasema shetani alinipitia. Shetani ana kazi nyingi. Nilichokiona, waziwazi kama picha, ni Shangazi Zipora akifungua mlango na kukuta jeneza likimpigia hodi. Niliona mdomo wake. Niliona mlenda ukimwagika. Alhamisi baba hupelekwa kliniki na mama, na shangazi hubaki peke yake. Jeneza lingefika Alhamisi, shangazi angepiga yowe la kusikika hadi mtaa wa Kikuyu, mimi ningejitokeza na kusahihisha kosa la lugha, na fundi angelirudisha. Mpango mzuri. Nimewahi kusimamishwa masomo kwa mipango mibovu kuliko huo.

"Pole sana, mwanangu," fundi alisema, sauti imeshuka.

"Ahsante."

"Ni la mzee?"

"La mzee."

"Alikuwa… kimo chake kama nani? Siku nyingi nimemwona amekaa tu."

"Ananizidi kidogo."

Akachukua futi yake. Nikasimama wima kama kwenye kwaride, naye akanipima toka utosini hadi kisiginoni, kisha mabega, taratibu, kama anayeogopa kuniamsha. Mkono wake ulipogusa bega langu nilishindwa kujizuia. Nikauma mdomo, mabega yakatikisika, machozi yakanitoka kwa kicheko. Fundi Masudi akaniweka kifuani mwake, kwenye harufu ya gundi na mavumbi ya mbao.

"Lia tu, baba. Mwanamume naye hulia."

Nikazidi kutikisika.

"Liletwe Alhamisi," nilisema nilipopata pumzi.

Akanitazama kwa huruma kubwa, kama anayemtazama mtu aliyechanganyikiwa. "Nenda ukakae na mama yako. Haya mengine tuachie wakubwa." Na nilipotaja bei, akanikatisha kwa kiganja. Kitu hicho, alisema, hakipatanwi bei.

Nilicheka mpaka kwenye kona ya mtaa. Nilikuwa sijui kanuni moja ya kazi ile, ambayo kila mtu mzima Chang'ombe anaijua: sanduku halikai foleni. Kabati la mteja, kitanda cha bwana harusi, dawati la mbunge, vyote husogezwa pembeni. Waombolezaji wanasubiri, na mwenye sanduku hawezi kusubiri.

Likaja jioni ileile.

Baba alikuwa kitini kwake, ameelekea mlango wa mbele, analinganisha vipande viwili vya pazia. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni namkanda miguu. Tukasikia magurudumu ya mkokoteni. Kisha tukasikia wanawake. Jeneza likipita mtaani likielekea nyumba yenye mgonjwa, nani atauliza? Walikuwa wameacha vyungu vyao motoni, wanalifuata, na walipofika kwetu wakaanza kulia kwa sauti, wakimtaja baba kwa jina.

Fundi Masudi akaingia kinyumenyume, amevaa kanzu safi, ameshika upande wa miguu. Mwenzake nje ameshika kichwa. Wakaliingiza koridoni, juu ya kapeti jipya, katikati ya kuta za krimu na kijani. Lilipita bila kugusa popote. Kisha fundi akageuka, na akamkuta marehemu ameshika kitambaa cha pazia.

Akaachia. Upande wa miguu ukagonga sakafu.

"Mzee Batholomeo," alisema. "Shi… shikamoo."

"Marahaba, fundi," baba alisema. "Naona umeniwahi."

Mama akatokea uani, mikono ina unga. Nyuma yake shangazi.

"Nini hiki?"

"Sanduku, mama," fundi alisema. "Si uliagiza?"

Baba akageuza kichwa polepole. "Umeagiza wewe, Mama Gerson?"

"Nimeagiza, ndiyo, lakini…"

Ile "ndiyo" ilimwingia. Niliona inavyoingia. Alikuwa ameshika vile vipande vya pazia juu, akaviteremsha mapajani.

"La kukalia!" mama alipiga kelele. "Niliagiza la kukalia! La viatu!"

Baba akautazama msalaba uliochongwa kwenye mfuniko.

"Hili ni la kulalia," alisema.

Nje kilio kilikuwa kinapanda, na fundi akatoka mbio, kanzu inamfunga miguu, akaenda kuwanyamazisha wanawake. Mama akaniinamia, akanishika mashavu kwa mikono yenye unga.

"Gerson. Ulimwambia la kukalia?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Palikuwa wazi kama mlango wa mbele.

"Nilimwambia, mama. Labda hakusikia. Redio ilikuwa juu."

Na Shangazi Zipora, ambaye yowe lake nililigharimia yote haya, hakupiga yowe. Alichukua kitenge chake, akalifunika, akalisukuma taratibu mpaka ukutani, akaangalia nafasi iliyobaki.

Fundi hakukubali kulirudisha. Alituma ujumbe kwamba yeye, toka aanze kazi, sanduku likishavuka kizingiti cha mtu halirudi karakana kwake. Kwa hiyo likabaki pale, kwenye nafasi iliyotengwa, sambamba na kiti cha baba, limevaa kitenge cha maua mekundu. Wageni waliokuja kuuliza kilichotokea walilipita ubavuubavu, na viatu vyao wakaviacha nje.

Baba hakukasirika. Heri angekasirika. Alikuwa mpole, mpole kama karani wa kaunta siku yake ya mwisho kazini.

"Baba Gerson, pazia la mlangoni nichukue la maua au la mistari?"

"Lolote, mama. Wewe unajua kuchagua."

"Uji umepoa, nikupashie?"

"Ahsante, umetosha."

Haukuwa umetosha. Bakuli lilikuwa limejaa. Mama alijaribu tena kueleza, la kukalia, la Gulwe, unakumbuka Gulwe, naye akamsikiliza mpaka mwisho, akampapasa mkono.

"Usione aibu. Mwenye akili hununua mwavuli kabla ya mvua. Ila hukuwa na haja ya kunichagulisha rangi."

Mama aliingia jikoni akafunga mlango. Nilimsikia akimwambia shangazi, na hakuwa na pini mdomoni: "Wifi, ananiaga kama mgeni. Maisha yote niliyokaa naye, ataondoka akijua nilikuwa nampaka rangi huku namchimbia."

"Neno lenyewe ni baya," shangazi alisema. "Sanduku. Ungesema benchi."

"Nilisema la kukalia."

"Ndiyo, wifi."

Hata shangazi hakumwamini. Nilisikia kwa namna alivyosema "ndiyo".

Nilitunga hotuba nzuri za kuungama. Zilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho. Nilizitoa kwa mbuzi wa jirani. Nikikaribia kiti cha baba ulimi wangu ulijaa mzaha tu. Nikamwambia kwamba sasa korido yetu ina samani kuliko nyumba ya mkuu wa mkoa. Hakucheka. Alinitazama kwa yale macho ya upole, akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi alikataa kwenda kliniki. "Mafuta ya gari ni ghali," alisema, "na samani tunazo."

Ijumaa mama aliamka na uso mwingine. Akavaa kanga, akaenda mwenyewe kwa fundi Masudi, akarudi naye, fundi amebeba msumeno.

"Likatwe," mama alisema, amesimama katikati ya korido. "Sasa hivi, mbele yake. Ng'oa msalaba, kata urefu, weka miguu. Liwe kile nilichoagiza."

"Wifi, ni mkosi," shangazi alisema.

"Mkosi umeshaingia. Fundi, kata."

Fundi Masudi hakukata. Aliuweka msumeno chini, akachuchumaa mbele ya kiti cha baba, kofia mkononi. Baba alikuwa amejaa pumzi shingoni, kila neno analinunua.

"Mzee, kabla sijakata, nisamehe. Silali. Lakini sikukurupuka, Mungu shahidi. Nilimwuliza kijana. Nikamwambia, ni la mzee? Akasema, la mzee. Nikauliza kimo. Akasema unamzidi kidogo, nikampima yeye."

Baba alifumbua macho vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza toka siku ile.

"Ulimpima?"

"Alisimama nikampima. Utosi hadi kisigino. Alikuwa analia, maskini."

Upepo ulipita, ukainua pindo la kitenge.

"Gerson," baba alisema.

"Naam, baba."

"Ulipimwa?"

"Baba, katika mazingira ya kelele yaliyokuwepo pale karakana, inawezekana kabisa kwamba kulitokea hali ya kutoeleweka kati ya…"

"Ulipimwa?"

Mama alikuwa ananitazama. Shangazi alikuwa ananitazama. Fundi alitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyonikumbatia.

"Nilipimwa."

"Sanduku la viatu. Ukapimwa wewe."

Nilitafuta utangulizi. Nilitafuta mabibi na mabwana.

"Mama alisema la kukalia," nilisema. "Alilisema mara mbili. Mimi nililikata. Nilimwona fundi anavyoelewa, nikamwacha. Nilitaka kumwona shangazi akipiga yowe, siku uko kliniki. Sikujua litakuja siku hiyohiyo. Na mama aliponiuliza nikamdanganya."

"Mimi?" Shangazi alisema. "Yote haya, mimi?"

Baba hakunitazama tena. Aliinua mkono wake kutoka kwenye mkono wa kiti, ulikuwa mzito na umevimba, akaupeleka upande alipokuwa mama, ukabaki hewani mpaka mama alipousogelea na kuushika.

"Fundi anasema ulikuwa unalia," alisema, akiwa bado amemwelekea mama.

"Sikuwa nalia, baba. Nilikuwa nacheka."

Fundi Masudi alisimama, akaokota msumeno wake, akatoka nje bila kuaga.

"Sema tena," mama alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ile ya kwanza. Njoo upande huu, sikio hili ndilo linalosikia. Piga magoti useme tena, taratibu, asipoteze hata neno."

Nikapiga magoti kwenye kapeti la plastiki, mdomo karibu na sikio la baba, nikasema tena: "Mama hakuagiza jeneza. Hakuwahi. Ni mimi."